Maswali ya Wasomaji: Mwanangu na Kisa cha Njoroge

SWALI: Mpendwa Mhariri, mwanangu mwenye umri wa miaka 14 amemaliza kusoma riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Weep Not, Child, na tangu hapo amekuwa mkimya. Juzi, tukichambua maharagwe, aliniuliza kama Wazungu wote walituchukia, nami nikakosa jibu. Zaidi ya hilo, nauogopa ule mwisho ambapo kijana Njoroge anataka kujinyonga. Je, nilikosea kumpa kitabu hicho? Na je, hayo ni maisha ya mwandishi mwenyewe? — Mama wa Nakuru.

JIBU: Hukukosea, Mama. Mtoto anayeuliza swali kama hilo huku mikono yake ikichambua maharagwe amekisoma kitabu vizuri kuliko wengi wetu tuliokisoma kwa ajili ya mtihani.

Kuhusu swali lake, msirudie kitabu kizima. Tafuteni tu mazungumzo ya Njoroge na Stephen, mtoto wa mlowezi Howlands, wanapokutana pembeni mwa mchezo wa kandanda huko Siriana, shule anakosoma Njoroge, timu ya shule ya Wazungu ilipokuja kucheza na wenyeji. Wavulana hawa wamekua jirani, baba wa mmoja akiwa kibarua wa baba wa mwingine, lakini hawajawahi kusemezana. Hapo ndipo Stephen anapokiri kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akijificha karibu na njia, akitamani kuzungumza na watoto Waafrika, ila aliogopa wangemkataa. Njoroge naye anakumbuka kwamba alimkimbia kwa sababu ya woga huo huo. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko matusi yote yaliyomo humo, kwani linaonyesha jinsi ubaguzi ulivyowafikia watoto kabla hawajajua hata majina ya wenzao.

Hata hivyo, usimwachie mwanao dhana kwamba yote yalikuwa woga wa watoto tu. Ngotho, baba yake Njoroge, anafanya kazi katika shamba lililokuwa la wazee wake, akingoja siku litakaporudi, na Howlands analipenda shamba hilo hilo kana kwamba lilimsubiri yeye tangu zamani. Kila mmoja wao amempoteza mwana katika Vita Vikuu vya Pili, lakini msiba huo mmoja hauwakutanishi, kwa kuwa mmoja ni bwana na mwingine ni boi. Sheria za wakati ule zilitenga ardhi kwa rangi na shule kwa rangi, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, Howlands anapewa cheo cha kiserikali, na Njoroge, aliyetolewa darasani, anateswa mbele yake. Mwambie mwanao kwamba si lazima kila Mzungu awe alituchukia ndipo dhuluma hiyo itendeke, maana Stephen hakumchukia mtu, na bado alikula matunda ya shamba lile.

Ama kuhusu maisha ya mwandishi, Ngũgĩ alizaliwa Limuru mwaka 1938, na ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba ni mama yake aliyemuuliza kama angependa kwenda shule, akimwonya kwamba huenda akashinda bila chakula cha mchana. Swali hilo ndilo linalofungua riwaya, likiwa kinywani mwa Nyokabi, mama yake Njoroge. Kaka yake Ngũgĩ aliingia msituni kuungana na wapiganaji wa Mau Mau, na mwaka 1955, Ngũgĩ mwenyewe aliporudi likizo kutoka shule ya Alliance, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Lakini yeye aliendelea hadi chuo cha Makerere, Uganda, alikoandika riwaya hii iliyotoka mwaka 1964, ilhali Njoroge anakatizwa masomo na kuishia kuuza dukani, na hata hapo anafukuzwa.

Sasa ule mwisho. Usimruhusu aishie kwenye kamba. Baada ya kamba kuna Nyokabi, aliyetoka usiku kumtafuta mwanawe, akimulika njia kwa kijinga cha moto. Njoroge anaona aibu na kujiita mwoga, lakini anafuatana na mama yake, na tendo lake la mwisho katika kitabu ni kukimbilia nyumbani kuwafungulia mlango mama zake wawili. Mwombe mwanao akusomee ukurasa huo kwa sauti. Kisha, ukimya ukiendelea, muulize waziwazi kama naye amewahi kuwaza kujiua, kwa maana kuuliza hakumpandikizii mtoto wazo hilo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari au mshauri mnayemwamini.