Simu ya mama ndiyo simu ya mtoto

Tarehe 27 Februari 2025, siku ya milipuko kwenye mkutano wa hadhara pale Place de l'Indépendance, watoto wangu watatu hawakutoka nje ya parseli, yaani uwanja wa nyumba yetu. Geti nililifunga mwenyewe. Hata maji sikuwaruhusu kwenda kuchota. Watu zaidi ya kumi walikufa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, siku ile, na mimi nilikuwa namshukuru Mungu kwamba wangu hawakuona kitu.

Jioni, kijana wangu wa miaka 8 alikataa bugali. Alikaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, magoti yamegusa kidevu, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama, yule baba aliyelala bila viatu, viatu vyake vilienda wapi?"

Nikamuuliza baba gani. Akainuka, akachukua simu yangu juu ya kabati, akafungua picha. Ya kwanza ilikuwa beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nililotumiwa alfajiri na mwenzangu wa bandarini. Ya pili, beseni lingine. Ya tatu ilikuwa video. Yule baba alikuwa hapo, katikati ya samaki wangu.

Ninauza sambaza sokoni Kadutu, huu ni mwaka wa tisa. Sitamwambia mzazi yeyote aitupe simu yake, kwa sababu mimi mwenyewe bila simu watoto hawali. Wavuvi wakitoka ziwani asubuhi, bei ya beseni inapanda na kushuka kabla jua halijakolea, na habari hiyo inapitia WhatsApp. Nilipohesabu usiku ule nilijikuta niko ndani ya magrupu 14: ya wauzaji, ya likelemba (mchango wa kupokezana pesa), ya ukoo, ya wazazi wa darasa, ya mtaa, mengine sikumbuki hata nani aliniingiza. Video ile haikutoka kwenye grupu la wahuni. Ilitoka kwenye grupu letu la korali. Aliyeituma ni mama wa sala, na chini yake aliandika tuwaombee marehemu.

Mimi sikuifungua video ile hata mara moja. Simu iliivuta yenyewe na kuiweka pamoja na picha zangu, na mtoto aliyezoea kuchukua simu ili aangalie picha zake za sikukuu akakutana nayo. Miaka yote nilikuwa naogopa mtu mbaya wa intaneti atakayemtafuta mwanangu, na kumbe mlango uliokuwa wazi ni wangu. Nyumba nyingi hapa kwetu zina simu moja ya maana, na hiyo ni ya mama au ya baba. Kabla hujauliza mtoto anaangalia nini, angalia simu yako inapokea nini.

Basi fanya hivi leo, dakika tano zinatosha. Simu nyingi mjini ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nataja maneno kama utakavyoyaona. Ndani ya WhatsApp, ingia «Paramètres», halafu «Stockage et données». Hapo kuna sehemu ya kupakua picha na video bila kuulizwa, yenye mistari mitatu: ukiwa unatumia mega (bando la intaneti), ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa nje ya nchi. Fungua kila mmoja, ondoa alama zote: picha, sauti, video, nyaraka. Kuanzia hapo picha na video hazitashuka mpaka wewe mwenyewe uziguse. Mega zako nazo zitapumua; mimi za wiki moja sasa zinafika karibu siku kumi. Kisha rudi kwenye «Paramètres», ingia «Discussions», zima «Visibilité des médias». Hii inazuia vitu vipya vya WhatsApp visijipange pamoja na picha za familia. Vya zamani vitabaki, hivyo vifute kwa mkono, na usisahau pipa la taka la programu ya picha: vitu vilivyofutwa vinaweza kukaa humo siku 30 au 60, na mtoto wa miaka 8 anajua kulifungua kuliko wewe. Mwishoni, kwenye «Confidentialité», sehemu ya «Groupes», weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye grupu ni watu ulio na namba zao tu.

Magrupu yenyewe nilitoka sita. Kwenye yale niliyobaki niliandika ujumbe mfupi: wazazi wenzangu, simu hii inashikwa na watoto, naomba picha za maiti na za majeruhi zisiletwe humu. Niliogopa watanicheka. Watu watatu waliniandikia pembeni kwamba na wao walikuwa wanatafuta namna ya kulisema. Yule mama wa korali alinipigia simu akalia.

Na ukimpa mtoto simu aangalie kitu kimoja, mfungie kwenye kitu hicho kimoja. Simu nyingi za Android zinaweza kubana programu moja kwenye uso wa simu, mtoto asiweze kutoka mpaka uandike namba yako ya siri. Tafuta «Épingler» kwenye sehemu ya usalama. Mimi nilionyeshwa na kijana anayetengeneza simu pale Nyawera, naye hakunitoza kitu.

Lakini hayo yote ni ya mlango. Kuna mtoto aliyekwisha kuona, na hapo ndipo nilipokosea.

Usiku ule nilimfokea. Nilimwambia nani alikuruhusu kugusa simu yangu, nikaificha chini ya godoro, nikamwamuru alale. Siku tatu alikojoa kitandani, yeye aliyeacha tangu ana miaka minne. Siku ya nne nilimkuta kwa jirani, amebanana na watoto wengine watano juu ya simu ya kaka yao mkubwa, wanatazama video ileile. Sikuamini. Nilidhani anaiogopa, kumbe alikuwa anatafuta jibu nililomnyima.

Jirani mwingine, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenikalisha chini. Aliniambia: usimwambie asahau, mtoto hasahau kwa amri, jibu swali alilouliza, hilohilo, kisha nyamaza umsikie. Basi nikamwita kijana wangu, tukakaa mlangoni. Nikamwambia viatu vya yule baba labda vilimtoka wakati watu wanakimbia. Akauliza: amekufa kweli? Nikasema ndiyo, amekufa. Akauliza: nani alimchukua? Nikasema watu walimchukua, na ndugu zake watamzika kama sisi tulivyomzika babu. Akauliza kama sisi pia tutakufa kesho. Sikumdanganya kwamba hakuna vita. Nilimwambia: leo usiku tuko hapa, geti limefungwa, baba yenu yuko ndani, na kukitokea kitu mimi nitakushika mkono na tutaenda kwa bibi. Aliponisikia nikitaja kwa bibi, mabega yake yalishuka. Alitaka kujua kuna mpango.

Muuguzi yule alituletea pia karatasi na kalamu za rangi. Kijana alimchora yule baba amelala. Kisha akamchorea viatu, vyekundu, vikubwa.

Alianza kula tena wiki ile. Ikiwa wako anapita wiki kadhaa hali, halali, anashtuka kila sauti, usingoje: mpeleke kituo cha afya uombe kuonana na mtu wa saikolojia. Bukavu tunao, na kazi hii wameifanya miaka mingi kwa sababu ya yale tuliyopitia.

Tangu siku ile sitoi simu ya mtoto mkononi kama adhabu anaponiletea tatizo. Kifungua mimba wangu ana miaka 13. Ana simu yangu ya zamani, iliyopasuka kioo, kwa ajili ya masomo na grupu la darasa. Miezi michache baadaye alikuja jikoni akasimama tu.

"Mama, kuna mtu ananitumia unite na mimi siwezi kumrudishia."

Unite ni salio la simu. Nilizima moto. Mtu yule alianza kwa kusema amekosea namba. Siku ya pili alituma unite za franka 500, "za pole". Siku ya tano mega. Alijiita mwanafunzi wa chuo kikuu, alijua jina la shule ya mtoto, alijua kwamba baba yake husafiri. Halafu akaomba picha. Kwanza picha yoyote. Kisha picha "bila uniforme". Binti yangu hakutuma, lakini alilala siku mbili akiamini ana deni, kwamba mtu aliyemnunulia mega ana haki ya kudai kitu.

Hilo neno, deni, ndilo naomba kila mzazi aliongelee na watoto wake waziwazi. Hapa kwetu tunawafundisha watoto kwamba ukipewa kitu unashukuru, na mtu mzima akikuomba unatii. Ni malezi mema, na mtu wa namna hii anayapanda kama ngazi. Nilimwambia binti yangu: unite ambazo hukuomba si deni. Mtu mzima anayemwambia mtoto "usimwambie mama" amekwisha kujitambulisha. Na hata kama ungekuwa umetuma picha, ungekuja kwangu vilevile na ningezima moto vilevile.

Hatukumjibu kwa matusi, ingawa mkono uliniwasha. Tulipiga picha za mazungumzo yote, na namba yake, kwanza. Ukifuta kwa hasira unafuta ushahidi. Baada ya hapo tukamripoti ndani ya WhatsApp na kumfungia, kisha kumfungia pia kwenye simu za kawaida na SMS, maana wanarudi kwa njia hiyo. Namba ya mtoto aliipata kwenye grupu la darasa lililokuwa na watu zaidi ya 100, wengi wao hakuna mzazi aliyewajua. Na jina la shule alilisoma kwenye picha ya wasifu: binti yangu amevaa bluu na nyeupe, amesimama mbele ya ukuta ulioandikwa shule. Picha hiyo niliipiga mimi, na niliiweka pia kwenye status yangu. Sasa picha zao za wasifu zinaonwa na watu wanaowajua tu, na za uniforme siweki tena.

Mjue pia kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inamhesabu kila mtu ambaye hajafika miaka 18 kuwa mtoto, na inaadhibu kutengeneza na kusambaza picha za ngono za watoto. Ikiwa picha ya namna hiyo ya mtoto wa mtu imekufikia, usiipeleke kwa shangazi wala kwa grupu la wazazi "ili wajihadhari". Nenda kwa mzazi wake, kwa miguu, mkazungumze.

Kuhusu TikTok na Facebook nitasema kidogo, kwa sababu swali lake ni jepesi. Umri wa chini ni miaka 13, na WhatsApp ni hivyohivyo. Wa miaka 8 hana akaunti nyumbani kwangu. Wa 13 akitaka TikTok tutaifungua pamoja, na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa, kwa maana mtoto akidanganya umri anapoteza kinga zote zilizowekwa kwa ajili ya wadogo.

Nimalizie na sauti. Mwaka uleule ilizunguka sauti ya mwanamume akisema tetemeko kubwa litapiga Bukavu saa nane za usiku. Sisi tulioliona lile la Jumapili ya 3 Februari 2008 hatusikii neno tetemeko tukatulia. Niliwatoa watoto, tukalala uani kwenye baridi, mdogo akapata kikohozi. Hakuna mtaalamu duniani anayeweza kutaja siku na saa ya tetemeko, na hilo nilikuwa nimewahi kulisikia, lakini woga ulinitangulia. Asubuhi yake nilirudi kwenye sauti ile nikaona juu yake mishale miwili. WhatsApp inaweka mishale hiyo kwenye ujumbe uliopitishwa kutoka mazungumzo hadi mazungumzo mara tano au zaidi. Haimaanishi ni uongo. Inamaanisha aliyekutumia siye aliyeuona wala kuusema, na pengine hamjui aliyeusema. Huku kwetu sambaza ni samaki, ni riziki yangu. Kwenye simu neno hilohilo limenikosesha usingizi.

Niliwaonyesha watoto alama ile, wote watatu, tukakubaliana kwamba chenye mishale miwili kinafunguliwa na mtu mzima kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa naanika samaki uani, nikamtuma kijana aniletee simu nimjibu mteja. Alikuja polepole, ameishika kwa mikono miwili, kioo kimetazama chini.

"Mama," akasema, "imeingia yenye mishale miwili. Sijaifungua."