Picha ya mikarafuu ya babu, na maswali mengine

Tangu nilipoandika juu ya ule mtini mkubwa wa pwani karibu na bandari, barua nyingi ninazopata ni za miti. Nimechagua tano.

Marehemu babu katuachia picha kwenye fremu: watu kama kumi chini ya mikarafuu. Hatujui mwaka wala shamba, na picha imegandana na kioo. Nifanyeje? – Mjukuu, Wete

Kwanza, usiibandue. Ukiivuta utabaki na karatasi mkononi, na nyuso za wazee wako kwenye kioo. Ipige picha hivyo hivyo ilivyo. Iweke karibu na dirisha pasipoingia jua, zima flashi, na mtu akushikie kanga nyeusi nyuma yako ili usijione mwenyewe kwenye kioo. Piga mara kadhaa: picha nzima, halafu uso mmoja mmoja, halafu vigogo.

Mwaka tutautafuta kwenye vitu. Ikiwa mgongo wa picha unaonekana, tazama kama una muhuri wa studio. Capital Art Studio ya mjini Unguja ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kwa hiyo ukikuta muhuri wake, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kingo zilizokatwa kwa mawimbi mara nyingi ni za kati ya miaka ya 1930 na 1960. Kama kuna wanawake, angalia jina la kanga: kanga za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikafuata. Kama kuna jamvi limeanikwa karafuu, au mtu kashika upembo, ule mti wa kuvutia matawi, basi ni msimu wa kuchuma, na wale kumi huenda si ndugu bali wachumaji. Hilo peke yake linabadilisha hadithi ya picha.

Na mikarafuu yenyewe isome. Mche huanza kuzaa baada ya miaka sita, saba hivi, na mti ukitunzwa huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zinatoka kwenu. Kwa hiyo vigogo vinene kwenye picha ya Pemba vinaweza kuwa vya kabla ya babu kuzaliwa.

Mwisho, kamuulize bibi, au mzee yeyote aliyebaki, wiki hii. Usingoje Idi. Mimi nina picha ya mwembe wa uani kwetu, juu ya tawi kakaa mtoto. Nilisema nitamuuliza mjomba nikivuka Pemba. Nilivuka kwenda kwenye khitma yake. Mwembe naujua, mtoto simjui hadi leo. Majina utakayopewa yaandike nyuma ya fremu kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya na kutoka upande wa pili.

Nina wageni wanataka makumbusho yenye historia ya misitu na mazao yetu. Beit al-Ajaib imefungwa, niwapeleke wapi? – Bi Mkubwa, Mkunazini

Beit al-Ajaib iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, tukaipoteza na saa yake. Jaribu Beit al-Amani pale Mnazi Mmoja, lile jengo la kuba alilolichora msanifu Sinclair na kufunguliwa 1925, ila tuma mtu akahakikishe kwanza kama liko wazi. Wakivuka Pemba, kuna makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake. Wapenda karatasi waende kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani.

Lakini Bi Mkubwa, kabla hawajatoka nyumbani kwako waambie watazame juu. Zile boriti za dari ni mikoko. Vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu hivi, na fundi alijenga kwa kipimo alichopewa na mti. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini hadi Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Halafu watembeze kwa majina: Mkunazini, Kikwajuni, Michenzani, Miembeni, Mbuyuni. Wakikuuliza mkunazi wenyewe uko wapi, hapo sina la kukusaidia.

Ni kweli kumbukumbu za zamani za miti yetu ziko Ulaya na Marekani? Naandika utafiti. – Mwanafunzi, Tunguu

Nyingi, ndiyo. John Kirk, aliyefika hapa 1866 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza, alikuwa daktari, mtu wa mimea na mpiga picha kwa pamoja. Alikuwa na bustani yake Mbweni, na mimea aliyoikausha aliipeleka bustani ya mimea ya Kew, London. Ndiyo maana hata kima punju wetu wa Jozani ana jina la Kirk katika Kilatini. Msandarusi nao aliushughulikia sana, kwa sababu sandarusi, yaani utomvu wake uliogandamana, ilikuwa fedha.

Na hapa fuata mzigo wenyewe. Sandarusi bora ilichimbwa ardhini kwenye mwambao wa bara, ikapita forodha ya Unguja, ikaenda Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Mkataba wetu na Marekani ni wa 1833, na meli zilizokuja kuchukua sandarusi na pembe za ndovu zilituletea kitambaa, ndicho hicho tunachokiita amerikani. Nyaraka za balozi wao wa kwanza hapa, Richard Waters, zimehifadhiwa na makumbusho ya Peabody Essex huko Salem.

Kwa picha, anza na mkusanyo wa Winterton, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani: zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia 1860 hadi 1960, na unazitazama kwenye intaneti bila malipo. Nakutahadharisha tu kwamba maelezo yake yanamtaja bwana aliyesimama mbele, mti ulio nyuma mara nyingi hauna jina. Wewe unaujua. Kazi ya utafiti wako naiona hapo.

Nikipiga picha mbuyu wa kwetu unatoka mdogo. Tena babu anasema una wenyewe, haupigwi. – Makunduchi

La pili ni la babu, kamuombe yeye. Akikubali, msimamishe ubavuni mwa shina, ukubwa utaonekana bila maneno. Rudi nyuma badala ya kuinua simu juu. Nenda asubuhi au alasiri, wakati umepukutika majani, kisha rudi na masika usimame pale pale. Maua yake hufunguka usiku na kuanguka siku ya pili, hivyo ukiyataka nenda wakati wa magharibi, na popo utawakuta.

Nimekausha majani ya mpapindi na mjoho ndani ya magazeti, sasa yanaota ukungu na yana vijidudu. – Konde

Magazeti hubadilishwa kila siku mpaka jani likauke, hasa kwa unyevu wetu. Yaliyoota ukungu yatupe. Mazima yafunge kwenye mfuko wa plastiki, yakae kwenye friza wiki nzima, vijidudu vitakufa. Kisha kila jani liwe na kikaratasi: jina la kienyeji, mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua, jina lako. Mpapindi ni wa Pemba peke yake, kwa hiyo andika kwa uangalifu. Na kama umeyakata msitu wa Ngezi bila kibali, hilo ni swali la watu wa misitu, usiniandikie mimi.

Friza ikiwa ya mkeo, mwambie kabla hajaufungua mfuko.