Lothar II hakuwahi kupata talaka yake
Je, Lothar II, mfalme wa Lotharingia huko Ulaya katika karne ya 9, alifanikiwa kumtaliki mkewe, malkia Theutberga? Hapana, hakufanikiwa. Mwaka 862 maaskofu wake walimruhusu Lothar II amwache Theutberga na kumwoa Waldrada, hawara wake wa siku nyingi, lakini mwaka uliofuata Papa Nicholas I akayafuta yote na kuwavua vyeo maaskofu wakuu wa Köln na Trier. Tena malkia alishasafishwa na tuhuma alizorushiwa mwaka 858, kwa jaribio la kupima kama ana hatia: mtu wake alitia mkono kwenye maji yanayochemka kwa niaba yake, akautoa bila kuungua! Haya tunayapata kwa Hincmar, askofu mkuu wa Reims, aliyeandika kesi ikiwa bado moto. Msome kwa tahadhari lakini, alikuwa upande wa Charles Mwenye Upara, mfalme wa Wafranki wa Magharibi na baba mdogo wa Lothar, aliyeumezea mate ufalme wa Lothar.