Mama mkwe kaninyang'anya mtoto, mume yuko upande wake

"Shangazi, naishi Mwanza na mume wangu. Desemba mama mkwe alikuja likizo akaondoka na binti yetu wa miaka sita, hadi leo hajamrudisha. Amemwandikisha shule huko kwake Magu bila kuniuliza. Juzi kaweka picha yao kwenye statasi, ndugu zangu wote wameiona. Mume anasema mama yake hajakosea. Mtoto mwenyewe ni wa vile, na mambo hayo kwetu hayapo, yametoka kwao. Mimi nilikuwa namweka ndani kwa usalama wake. Nifanye nini arudi?" Mama D.

Pole, mwanangu. Kuondokewa na mtoto kunauma, na mama mkwe alipaswa kukuita mkaongea. Huruma yangu imeishia hapo.

Umeniandikia kurasa mbili (nimezifupisha), na ualbino wa mwanao umeutaja kwa maneno mawili: "wa vile". Wa vile vipi? Kama wewe uliyemzaa unashindwa kutamka, jirani anayemwita zeruzeru utamwambia nini?

Hofu ya usalama naielewa. Watu wa Kanda ya Ziwa hatujasahau miaka ile kuanzia 2007, watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu mganga kamdanganya mpumbavu kuwa atatajirika, hadi serikali ikapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2015. Mlinde, sawa. Lakini kwenye sehemu niliyoikata umesema wageni wakija, mtoto anapelekwa chumba cha dada wa kazi. Wageni gani? Wanakwaya wenzako! Wanakuja kwako na mapanga? Tena mtoto kaondoka Desemba ukanyamaza. Kilichokushikisha kalamu ni ile picha.

Na hilo la "kwetu hayapo" lifute. Mtoto huzaliwa na ualbino akirithi kinasaba chake kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ukoo unaweza kukibeba vizazi na vizazi bila kujua. Wakikutana wawili wenye nacho, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Mumeo ametoa nusu, wewe umetoa nusu.

Unamcheka bibi kwa kumvalisha mjukuu mikono mirefu na kofia pana hadi kanisani. Huyo mama ana akili kuliko sisi. Saratani ya ngozi inayoletwa na jua inawamaliza wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana, na haina kelele za gazetini. Kingine unacholalamikia ni kwamba kamwomba mwalimu amketishe mbele, "kama vile mtoto ni mgonjwa". Wewe ulimtoa chekechea ukisema ni mzito wa kuelewa. Hakuwa mzito, ualbino hudhoofisha macho, alikuwa haoni ubao!

Ndoa zenu za siku hizi zinaanzia kwenye picha: sare, mapozi, pazia linalofanana na kochi, na mtoto asiyeendana na pazia anasogezwa pembeni. Ingawa nisiwasingizie vijana peke yao. Bibi zetu walituambia zeruzeru hafi, hupotea. Angepoteaje kama hakufichwa? Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Barwany, mwenye ualbino, akawa mbunge wao. Walimjua, walimsikia, wakampa kura. Binti yako atajulikana na nani akiwa chumba cha dada?

Mtoto abaki Magu kwanza. Mumeo naye asijione shujaa, miaka sita alikiona kile chumba akanyamaza.

Jumamosi panda gari uende, na usiende kudai mtu. Pitia kliniki ya ngozi uulizie mafuta ya kukinga jua, yale yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, umpelekee. Mwombe mama mkwe akufundishe kumpaka. Halafu piga picha na binti yako, uiweke kwenye statasi yako ndugu zako waione. Ukishindwa hilo, barua za mama mkwe usiniletee tena.