Kuchukua kazi ya ujenzi bila usajili: hasara huanza kabla ya kufika kwa hakimu

Mafundi wa Kigoma Ujiji, Kasulu na Kibondo wanajua kujenga. Ukuta wa tofali za kuchoma uliosimama wima kwenye mteremko wa Mwanga si kazi ya kubahatisha. Tatizo huanza pale tajiri anapomwambia fundi, "Nipe bei ya jengo zima, vifaa juu yako, mpaka unikabidhi funguo," naye fundi akaitikia. Tangu hapo hauzi tena ufundi, anauza jengo, na kisheria huyo ni mkandarasi.

Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Namba 17 ya mwaka 1997, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2008, inakataza kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Anayekiuka anafikishwa mahakamani na anaweza kutozwa faini au kufungwa. Watu huishia kuuliza faini ni kiasi gani, wakilinganisha na faida ya kazi. Hesabu hiyo ina upungufu mkubwa, kwa sababu fedha nyingi hupotea kabla hakimu hajasikia lolote.

Kwanza mpaka uwe wazi. Ukilipwa leba chaji, yaani ujira wa kazi tu, mwenye nyumba akanunua saruji na nondo mwenyewe, akaweka msimamizi wake na wewe ukafuata ramani na maelekezo, wewe ni fundi. Ndivyo shule na zahanati zinavyojengwa kwa fosi akaunti: halmashauri hununua vifaa, mhandisi wake husimamia, mafundi jamii huuza nguvu na ujuzi. Ukipanga bei ya jumla, ukanunua vifaa, ukaajiri vibarua na kubeba dhamana ya jengo kukamilika, umevuka. Kuuita mkataba wako "makubaliano ya ufundi" hakubadilishi kitu. Atakayeukagua ataangalia nani alinunua vifaa na nani alibeba hatari ya bei kupanda.

Sasa hasara yenyewe. Wakaguzi wakifika saiti, kitu cha kwanza kutafuta ni kibao cha mradi, chenye jina la mwenye mradi, la mkandarasi na la wataalamu wanaosimamia. Kisha huuliza uthibitisho kwamba mradi umesajiliwa kwenye Bodi, kibali cha ujenzi cha halmashauri, na usajili wa eneo la kazi kwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kibao kisipokuwepo, au jina lililoandikwa lisiwe la mtu anayeendesha kazi, kinachofuata ni amri ya kusimamisha kazi. Kwa Kigoma, amri ikija Novemba mvua zikiwa zimekolea, inauma kuliko faini. Kuta za tofali za kuchoma zilizojengewa udongo na kuachwa wazi juu hunyonya maji, udongo wa viungo unasombwa, na kozi (mistari ya tofali) tatu nne za juu huwa za kubomoa. Saruji iliyolazwa chini kwenye sakafu ya udongo hushika unyevu na kuganda mifukoni. Nondo zinazochomoza kwenye nguzo huanza kutu. Mbao na mirunda ya kukodi zinaendelea kudaiwa kila siku, na mwenye nazo hajali barua ya mkaguzi.

Hapa wengi hukosea mara ya pili: wanaendelea usiku. Hilo hugeuza kosa la karatasi kuwa ukaidi, na ukaidi ndio unaowafikisha mahakamani waliokuwa na nafasi ya kurekebisha. Simamisha kazi siku hiyohiyo, lakini omba kwa maandishi ruhusa ya kulinda kilichokwisha kujengwa. Orodhesha: kumwagilia zege changa kwa siku 7 kwa uchache, kufunika vichwa vya kuta kwa turubai, kupaka nondo uji wa saruji, kuinua mifuko juu ya mbao na kuiweka mbali na ukuta. Kama kuna slabu imemwagwa, andika wazi kwamba mirunda haiondolewi. Siku 21 hadi 28 ndiyo desturi salama, na slabu iliyonyang'anywa mirunda mapema hupata nyufa upande wa chini ambazo lipu huzificha tu. Mkaguzi mwenye busara hukubali maombi ya namna hii, maana hata yeye hataki jengo lianguke.

Pia soma barua yenyewe imetoka kwa nani. Halmashauri ikikusimamisha kwa kukosa kibali, kumleta mkandarasi hakutoshi. Bodi ikikusimamisha kwa kukosa mkandarasi, kibali hakitakuokoa. OSHA wana yao, na WCF vilevile, kwa sababu mwajiri asiyejisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi anatenda kosa lingine kabisa. Kibarua akianguka kwenye jukwaa, mambo haya yote hufunguliwa siku moja.

Upande wa malipo ni mbaya zaidi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Tajiri akikataa kukulipa awamu ya mwisho, ukienda kudai, wakili wake atauliza swali moja tu: una usajili? Fundi aliyekwisha kununua bati na mbao za kupaua kwa mkopo wa dukani anabaki na deni ambalo mwenye duka anaweza kulidai kihalali, na dai ambalo yeye mwenyewe atapata shida kubwa kulithibitisha. Kwa mtu mwenye mtaji wa kuungaunga, hili peke yake linammaliza.

Njia ya mkato inayopendwa ni kukodi cheti. Unampa mkandarasi aliyesajiliwa asilimia fulani, mkataba unaandikwa kwa jina lake, wewe unajenga. Tunaipinga bila kusita. Malipo yanaingia kwenye akaunti yake, na siku akizuia sehemu huna pa kushika. Kasoro ikitokea, anayewajibika kwa mwenye jengo ni yeye, ambaye hata msingi hakuuona. Bodi ikigundua, anaweza kusimamishwa au kufutwa, na kazi yako inasimama pamoja naye. Kuna na hila ya kupasua kazi: makandarasi husajiliwa kwa madaraja, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi mmoja, basi watu huandika mikataba miwili ili daraja dogo litoshe. Ramani ni moja, kiwanja ni kimoja, kibali ni kimoja. Mkaguzi hahitaji darubini.

Kama kazi imeshasimama na mwenye jengo anataka imalizike, njia safi ni kumkabidhi mkandarasi aliyesajiliwa. Mtegemee awe mgumu. Atataka kuchimba pembeni mwa kona moja au mbili aone kina cha msingi na jamvi lake, atapiga nguzo kwa nyundo ya Schmidt kupata picha ya ugumu wa zege, na mahali pa mashaka atabandua kidogo aone nondo ni za milimita 12 au 16 na ringi zinazozifunga zimeachana kiasi gani. Usimzuie. Pimeni kwa pamoja kazi iliyofanyika, kipengele kwa kipengele, mtie saini wote watatu: wewe, mwenye jengo na mkandarasi. Karatasi hiyo ndiyo msingi wa maelewano yoyote ya malipo yako.

Kwa wewe mwenye jengo, ukaguzi wa kufanya kabla ya kutoa hata senti ni mfupi. Jina kwenye cheti, kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki liwe moja. Angalia aina ya usajili, maana mkandarasi wa majengo si wa barabara wala wa umeme, na fundi wa nyaya lazima awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Angalia daraja: majengo yana madaraja saba, la kwanza likiwa kubwa na la saba dogo. Usiridhike na kivuli cha cheti; wasiolipa ada ya mwaka hufutwa huku karatasi zao zikibaki safi. Hakiki jina kwenye orodha ya Bodi yenyewe.

Fundi anayepata kazi za kueleweka asajiliwe, na aanze kabla ya msimu wa kiangazi ambao kazi huwa nyingi. Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN (namba ya mlipakodi), kisha peleka maombi Bodi ukionyesha ofisi, vifaa na mtaalamu atakayekuwa msimamizi wa ufundi. Sifa za mtaalamu huyo hupungua kadiri daraja linavyoshuka, kwa hiyo daraja la saba ndilo mlango wa kuingilia. Kama huna cheti cha kitaalamu, ungana na kijana mwenye stashahada ya ujenzi, mwandikishe kihalali kama mwenzako, msigawane kwa maneno ya mdomo. Ukishasajiliwa, ulizia Mfuko wa Kusaidia Makandarasi ulio chini ya Bodi: hudhamini makandarasi wadogo kwenye dhamana za zabuni na malipo ya awali, mahali ambapo benki huwa zinadai hati ya nyumba.