Dereva Mwenye Bastola Akichokozwa Barabarani: Asimame au Aondoke?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh wetu. Naishi Houston, Texas, na bastola yangu naibeba garini kwa mujibu wa sheria. Juzi kwenye barabara kuu ya I-45 dereva wa pikapu alinikatizia, nikampigia honi. Akanifuata mpaka nilipotoka barabara kuu, huku akinitukana. Kwenye taa nyekundu akateremka, mikono mitupu, akanijia. Nikaitoa bastola nikaiweka mapajani aione, akarudi. Wenzangu wanasema sheria ya hapa haimlazimishi mtu kukimbia, na kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Je, nilikosea? Na lau ningempiga risasi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullaah. Tunamshukuru Allaah kwamba hakuna damu iliyomwagika.

Wenzako wamekupa nusu ya maneno. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007 sheria ya Texas haimtaki mtu arudi nyuma kwanza, akiwa yuko mahali anaporuhusiwa kuwepo na hakuchokoza. Lakini sheria hiyohiyo inasema matusi peke yake hayahalalishi kutumia nguvu, na kumwelekezea mtu bastola bila haki ni kosa hata kama haina risasi. Asiye raia ana la ziada la kuogopa: kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kumfanya afukuzwe nchini.

Hiyo ni mahakama ya dunia. Katika dini, suala lako liko kwenye mlango wa as-swaail, yaani mtu anayekushambulia. Imam Nawawi katika Minhaaj, kitabu chake cha fiqhi (sheria za dini), amelipanga ngazi kwa ngazi: mshambuliaji huzuiwa kwa lililo jepesi zaidi. Yakitosha maneno na kuomba msaada, kumpiga ni haramu. Ukitosha mkono, mjeledi ni haramu. Ukitosha mjeledi, fimbo ni haramu. Ikitosha kumkata kiungo, kumuua ni haramu. Kisha akasema: ikiwezekana kukimbia, kauli ya madhehebu ni kwamba kukimbia ni wajibu na kupigana ni haramu. Haya ndiyo madhehebu ya Shafi, ya wengi wetu tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Wako wanazuoni wa madhehebu nyingine wasiolazimisha kukimbia, ila kuanza na lililo jepesi wanakubaliana nalo.

Sasa litazame gari lako kwa jicho la ngazi hizo. Mtembea kwa miguu aliyebanwa uchochoroni anaweza kukosa pa kupita. Wewe una injini inayowaka, milango iliyofungwa, kioo na simu. Sheria ya Texas imekuruhusu kusimama; fiqhi yako imekuamrisha uondoke.

Na hadithi ya shahidi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ni sahihi, lakini inamhusu anayetetea mali yake isichukuliwe kwa dhulma. Yule wa pikapu hakutaka mali yako. Kilichoguswa ni kiburi chako, na hicho hakina ruhusa ya damu. Wala usiseme "yeye si Mwislamu". Anayeishi nchini kwa viza au uraia yumo ndani ya ahadi ya amani na wenyeji wake, na Mtume (s.a.w.) amesema anayemuua mwenye ahadi hatanusa harufu ya Pepo.

Kwa hiyo likitokea tena, usimtazame, usimjibu kwa ishara, usikanyage breki mbele yake kumkomoa. Mpishe. Ukisimama kwenye foleni, acha nafasi ya kukuwezesha kuona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Hapo unaweza kukata usukani ukatoka bila kurudi nyuma. Gia ibaki kwenye D, mguu kwenye breki. Wengi hunaswa hapa: wamesogea mpaka kwenye bampa ya gari la mbele, na kilichobaki ni kupigana. Akikufuata, usiende nyumbani ukamwonyesha waliko watoto wako, wala usisimame pembeni ya barabara "mzungumze". Piga 911, namba ya dharura, taja barabara, uelekeo, namba ya njia ya kutokea uliyoipita mwisho, rangi ya gari na namba ya usajili, kisha elekea kituo cha polisi, cha zimamoto, au cha mafuta chenye mwanga na watu. Polisi wakifika, mikono juu ya usukani, na uwaambie bastola iko wapi kabla hujagusa chochote.

Bastola ikae ndani ya ala yake. Si chini ya kiti, inapoweza kuteleza hadi kwenye pedeli. Si kwenye droo ya dashibodi pamoja na karatasi za bima, utakazoombwa na askari.

Uliuliza kama ulikosea. Kama mbele yako palikuwa na upenyo, ndiyo, ulikosea, leta istighfari. Ulisalimika na kubwa zaidi kwa kutomwelekezea, maana Mtume (s.a.w.) amesema anayemwelekezea nduguye chuma, Malaika humlaani mpaka akiache. Na lau ungempiga risasi mtu wa mikono mitupu, kioo chako kikiwa kimefungwa, ungekuwa umeua nafsi bila haki.

Hali ni nyingine kama umezibwa mbele na nyuma, naye anavunja kioo akiwa na kisu au bunduki. Hapo kujitetea ni haki yako, na walio garini mwako ni amana. Lakini akigeuka kuondoka, haki hiyo imekwisha hapohapo. Risasi ya mgongoni ni kisasi. Na ikimkosa ikampata mpita njia, hiyo ni qatl khatwa, yaani kuua kwa kukosea: diya (fidia ya damu) kwa warithi wake, pamoja na kafara iliyotajwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, ambayo kwa mtu wa leo asiye na mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Ukiacha siku moja bila udhuru, unaanza upya.

Wallaahu a'lam.