Maswali Yenu: Ditekta ya dhahabu kwa mwenye bajeti ya kubana

Tangu tuandike habari za kuosha mchanga kwa karai, meseji zinazoingia karibu zote zinauliza ditekta, ninunue ipi, hii vipi, ile vipi. Tumechagua chache na tumezifupisha kidogo.

SWALI: Habari fundi. Nataka ditekta ya kutafutia dhahabu ila mfuko hauruhusu zile kubwa. Nimeona moja wanasema inafika mita 3 chini ya ardhi na bei yake chee kabisa. Ninunue au niache?

JIBU: Acha ndugu yangu. Mita 3 za nini? Hilo ndo swali la kumuuliza muuzaji, na ukiona anaanza kuzunguka zunguka basi umeshapata jibu. Kitu kikubwa kama pipa la chuma, mashine yenye koili kubwa (ile sahani ya chini yenye waya uliozungushwa ndani) inaweza kulisikia likiwa chini sana, sawa, ila wewe hutafuti pipa. Dhahabu ambayo mtu wa kawaida anaipata kwa ditekta mara nyingi ni vipande vidogo, nusu gramu, gramu 1, ukiokota cha gramu 5 siku hiyo unarudi nyumbani unaimba. Najua kuna wale wa bahati, Australia mwaka 1980 jamaa mmoja alipata pande la kilo 27 kwa ditekta, wakaliita Hand of Faith, na halikuwa hata chini sana, lakini usipange bajeti yako kwa kufuata huyo.

Iko hivi. Koili inarusha uga wa sumaku kwenda chini, uga ukikuta kipande cha metali unaamsha umeme kidogo ndani yake, kile kipande nacho kinarudisha uga wake juu, mashine inausikia inalia. Sasa uga unafifia ukishuka na unaorudi nao unafifia ukipanda, ni kama unalipa nauli kwenda na kurudi, kwa hiyo kwa kipande kidogo umbali ukizidi mara 2 kinachorudi kwenye koili kinapungua kama mara 64. Siyo nusu, mara 64! Ndo maana kipande cha gramu 1, kwa mashine nzuri ya bei ya kati, ukikipata kwenye sentimita 10 mpaka 15 umefanya kazi, na kile cha saizi ya punje ya mchele inabidi koili iwe karibu kusugua udongo ndo ukisikie. Hiyo namba ya kina kwenye boksi iruke kabisa, usiisome.

Soma masafa, siyo ya umbali, ni yale ya mawimbi, yaani uga wa koili unatetemeka mara ngapi kwa sekunde, yanaandikwa kHz (kHz 1 ni mara 1,000). Ditekta nyingi za bei rahisi zimetengenezwa kutafuta sarafu, zinafanya kazi kwenye kHz 6 mpaka 10 hivi, Garrett ACE 250 kwa mfano ni kHz 6.5, kwa sarafu ni mashine safi tu, ila chembe ndogo ya dhahabu inaipita hivi hivi bila hata kukohoa. Masafa ya juu ndo yanaona vidogo. Fisher Gold Bug Pro iko kHz 19, Minelab Gold Monster 1000 iko kHz 45, Goldmaster 24k kHz 48, Nokta Makro Gold Kruzer kHz 61, na ile Gold Bug 2 ya Fisher iko kHz 71, hiyo ina uwezo wa kuona vipande vya chini ya sehemu ya kumi ya gramu, kitu ambacho ukikidondosha kwenye zulia hukioni tena. Masafa ya juu nayo yana gharama yake, yanapoteza kina kwenye vipande vikubwa na yanasumbuka zaidi kwenye udongo wenye chuma kingi, kwa hiyo usikimbilie tu namba kubwa, kama eneo lako linajulikana kutoa vipande vya gramu kadhaa hiyo kHz 19 inakutosha na inakupa amani.

Cha pili ni graundi balansi, yaani namna ya kuizoesha mashine udongo uliosimama juu yake ili isilie kwa sababu ya udongo wenyewe. Kwenye mashine nyingi za sarafu imefungwa kiwandani, huwezi kuigusa. Ardhi ya dhahabu mara nyingi ina madini ya chuma, ukiingia nayo pale inalia mwanzo mwisho au unaishusha nguvu mpaka inakuwa kipofu. Ukiambiwa uchague kitu kimoja tu cha kutokibania hela, mi nakuambia ni hiki, graundi balansi ya kurekebisha kwa mkono au inayojirekebisha yenyewe unavyotembea. Skrini ya rangi, bluetooth, mataa, hayo mengine yote ni mapambo.

Angalia pia jina vizuri maana mashine za familia moja zinatofautiana. Minelab Equinox 600 na 800 ukiziona zimelala pamoja huwezi kuzitofautisha, ila 800 ina modi ya dhahabu, 600 haina.

SWALI: Fundi shikamoo. Nimesikia kuna VLF, yaani hizo za kHz ulizozitaja juu, na kuna za palsi, na kwamba za palsi ndo za dhahabu hasa. Udongo wa kwetu ni mwekundu sana na una mawe meusi mazito. Hizo VLF ulizowahi kuzitaja zitafaa kweli?

JIBU: Marahaba. Kabla hujanunua chochote chukua sumaku yenye nguvu, ile ya spika iliyokufa inatosha, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, alafu iburuze kwenye udongo mkavu wa pale unapotaka kutafuta. Itoe uangalie. Ikitoka na vumbi kidogo la hapa na pale, VLF itafanya kazi vizuri. Ikitoka imeota ndevu nyeusi pande zote, hapo ujue VLF itakutesa. Na hayo mawe meusi yajaribu pia, yakinasa kwenye sumaku ndo yale yanayodanganya mashine, yanalia kama metali unachimba unakuta jiwe tu, unachimba tena jiwe.

VLF inatuma mawimbi muda wote na kusikiliza muda huo huo, kwa hiyo kelele ya udongo inachanganyika na sauti ya dhahabu. Palsi inapiga mshindo, inanyamaza, alafu ndo inasikiliza, na udongo wenye chuma kingi unakuwa umeshanyamaza kwa sehemu kubwa. Ndo maana kwenye ardhi mbaya palsi inashinda, mashine kama Minelab GPX au Garrett Axiom zimejengwa kwa kazi hiyo. Tatizo ni bei, na pia nyingi haziwezi kukuambia vizuri kama ni chuma au siyo chuma, unachimba kila kitu.

Sasa hapa kuna mtego mkubwa kwa wenye bajeti ndogo. Kuna mashine za palsi za bei rahisi zenye fremu kubwa ya mita nzima ya kubeba watu wawili, zinauzwa kama za "hazina na dhahabu". Zile ni za vitu vikubwa, masanduku, mabomba. Chembe ndogo ya dhahabu sauti yake baada ya mshindo inakufa ndani ya mikrosekunde chache sana, mashine ikichelewa kuanza kusikiliza, mikrosekunde 30 au 40 hivi, inakuta kimya. Unaweza kuweka pete ya kike katikati ya ile fremu isilie, na watu wananunua waende nayo kutafuta vipande vya gramu 1! Sijui nani alianza huo mchezo.

Kama hela ya palsi ya kweli haipo na sumaku imetoka na ndevu, chukua VLF yenye koili ndogo ya aina ya DD (ndani ina waya mbili zenye umbo la herufi D), shusha nguvu kidogo, tembea polepole. Koili ndogo inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja kwa hiyo kelele inapungua. Utapoteza kina lakini utafanya kazi. Na usitafute ardhi yote, nenda kwenye sehemu ambazo udongo wa juu umeshaondoka, mwamba umekaribia, maana dhahabu ni nzito, karibu mara 19 ya maji, inazama mpaka ikwame kwenye nyufa za mwamba. Pale sentimita 10 zako zinatosha kabisa.

SWALI: Mimi ni mama naosha mchanga kwa karai, napata vumbi tu la dhahabu. Ditekta itanisaidia nipate nyingi?

JIBU: Hapana mama, na nashukuru umeuliza kabla ya kutoa hela. Vumbi la dhahabu ditekta hailioni hata likiwa jingi, maana kila chembe inajibu peke yake na jibu lake ni dogo mno, hazijumlishiki zikawa pande moja. Vilevile dhahabu iliyotawanyika ndani ya jiwe la kwatzi kama unga, mashine inapita kimya na jiwe lina mali. Kama karai lako halijawahi kukupa hata kipande kimoja cha kushika kwa vidole, hela ya ditekta weka kwenye boksi zuri la kuoshea na mazulia yake. Siku ukianza kuona vipande rudi tuongee.

SWALI: Nimenunua VLF tayari, nimeiseti isilie kwenye chuma wala takataka. Wiki zinapita sijapata kitu. Mashine mbovu?

JIBU: Mashine nzima kaka, ila umeiziba masikio. Dhahabu ndogo kwenye kipimo cha ditekta inaangukia pale pale ilipo karatasi ya sigara ya kung'aa, risasi (ile metali laini, lead), na vile vipini vya kopo la soda. Ukikata takataka umekata na dhahabu. Na hata kukata chuma peke yake kuna hatari, kipande kidogo kikiwa chini kwenye udongo mwekundu mashine inaweza kukisoma kama chuma. Ondoa yote, weka modi ya metali zote, vaa hedifoni maana sauti ya dhahabu ya chini siyo "piii!", ni mlio unaotikisika kidogo tu, kama mtu hujatulia unaupita. Kwangua sentimita 2 au 3 za udongo kwa mguu, pitisha tena. Mlio ukikaza, chimba. Ukikatika ulikuwa ni udongo. Ukizidi kuwa mkali na ukasogea pembeni basi kuna kitu na umeshakisogeza, pitisha sumaku kwanza, kama ni msumari utajileta wenyewe.

Utachimba misumari mingi sana. Anayepata risasi nyingi yuko njiani, risasi na dhahabu zinakaa jirani kwa mlio, eneo ambalo unatoa vipande vidogo vya risasi mashine yako ingetoa na dhahabu kama ingekuwepo.

SWALI: Kuna jamaa ana kifaa chenye antena mbili, unakishika tu kinageuka chenyewe kuelekea dhahabu hata iwe kilomita 1. Bei siyo mbaya. Vipi?

JIBU: Kimbia. Uingereza mwaka 2013 James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza kifaa cha antena namna hiyo hiyo, ADE 651, yeye alikuwa anauza kama cha kugundua mabomu, walikuta kimetokana na kitu cha kuchezea cha kutafutia mipira ya gofu, ndani hakina chochote cha kufanya kazi. Antena inageuka kwa sababu mkono wako unainama bila wewe kujua. Mtu mwingine afiche kipande cha dhahabu chini ya kikombe kimoja kati ya 10, huyo jamaa mwenyewe asijue kipi, alafu jamaa ajaribu mara kadhaa. Atakuwa na dharura.

SWALI: Used ya kampuni kubwa au mpya ya kampuni isiyojulikana?

JIBU: Used, ila kwa macho. Feki ni nyingi hasa za Minelab, kampuni mama Codan ya Australia iliibiwa michoro na wadukuzi, nakala zikatengenezwa China zikamwagwa Afrika, mpaka kampuni ikalazimika kushusha bei. Feki ukiishika mara nyingi inafanana kabisa. Kwa hiyo usinunue kwa picha. Uliza namba ya utambulisho ya mashine (serial namba) uipeleke kwa kampuni wakuthibitishie, na muuzaji akisita hapo biashara imeisha.

Siku ya kuiona nenda na kipande chako kidogo cha dhahabu, kama huna tumia kipande cha risasi cha saizi hiyo hiyo, kigundishe kwenye kadi ya plastiki. Usijaribie ndani ya nyumba, nyaya za umeme na simu zinaichanganya, hata yako ya mfukoni izime. Toka nje, iwashe, inua na kushusha koili juu ya udongo mpaka inyamaze, kama hainyamazi hata baada ya kurekebisha rudisha. Alafu pitisha kadi, anza sentimita 2, panda taratibu. Chezesha waya pale unapoingia kwenye koili na pale unapoingia kwenye boksi, ikikatakata mlio waya unakufa, punguziwa bei au ondoka. Gonga koili kidogo kwa kidole, ikilia kila ukigonga ina ufa ndani. Fungua sehemu ya betri uone kama kuna kutu ya kijani. Na iache ikiwaka angalau nusu saa mkiwa mnapiga stori, zipo zinazoanza vizuri zikipata joto zinaanza kuweweseka.